Kompaila za Ada kutoka jeshini kwenda uraiani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Naandika Ada kwa miaka sasa na kila nikitaja hiyo lugha mbele ya developa wenzangu maswali ni yale yale, si ni ya jeshi hiyo, si ilikufa, nani ananunua, kompaila yake, yaani programu inayogeuza ulichoandika kiwe lugha ya mashine, inauzwa bei gani. Nimeamua kuyajibu yote sehemu moja. Kinachonivuta zaidi sio lugha yenyewe, ni zile kampuni zilizokuwa zinauza kompaila zake, maana zilianza na mteja mmoja tajiri sana alafu ikabidi zijifunze kuishi bila yeye, na hadithi hiyo inamgusa yeyote anayeuza softwea.

Ada ni nini, na jeshi limeingiaje humo?

Ni lugha ya kuandikia programu kama C au Java, ila hii ilizaliwa kwa tenda. Miaka ya 70 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikuwa inalipia programu zilizoandikwa kwa lugha nyingi kupita kiasi, hesabu inayotajwa sana ni zaidi ya 450, kila mkandarasi na lugha yake, akiondoka hakuna anayeweza kugusa alichoacha. Mwaka 1975 wakaunda kamati, kamati ikaandika mahitaji, ikayarudia na kuyarudia mpaka 1978, na wakati huo huo timu nne zikashindana chini ya majina ya rangi ili wanaosahihisha wasijue kazi ni ya nani. Mei 1979 kijani ikashinda, na kijani ilikuwa ni timu ya Jean Ichbiah wa CII Honeywell Bull, Ufaransa. Jina ni la Ada Lovelace, yule mama wa Kiingereza wa karne ya 19 aliyeandika kuhusu mashine ya Charles Babbage. Kiwango cha kijeshi kikapitishwa tarehe 10 Desemba 1980, siku ya kuzaliwa kwake, na kikapewa namba 1815 ambao ndo mwaka aliozaliwa.

Kompaila zilikuwa zinauzwa na nani?

Na kampuni nyingi, nyingi kweli. Ichbiah mwenyewe alianzisha Alsys mwaka 1980. Kulikuwa na Verdix, TeleSoft ya San Diego, Rational, Intermetrics, Tartan ya Pittsburgh, Meridian, DDC-I yenye asili ya Denmark, Irvine Compiler, R.R. Software ya kule Wisconsin waliokuwa na Janus/Ada ya kompyuta ndogo, na wengine. Ukitaka kuuza ilibidi kompaila yako ipite mtihani wa serikali, maelfu ya programu ndogo ndogo za majaribio, ikipita unapewa cheti, na cheti chenyewe kina muda wake kikiisha unarudi kupimwa tena. Pia jeshi halikutaka mtu auze nusu ya lugha akaiita Ada, ama umeitekeleza yote ama jina hulipati.

Wa kwanza kupita hawakuwa hata kampuni, walikuwa watu wa Chuo Kikuu cha New York, tarehe 11 Aprili 1983, na chombo chao kilichoitwa Ada/Ed. Kilikuwa ni mkalimani tu, yaani kinaitekeleza programu moja kwa moja bila kuigeuza kuwa lugha ya mashine, kimeandikwa kwa lugha ya SETL, kinaenda polepole sana, lengo lilikuwa kuonyesha kwamba lugha inatekelezeka. Washike hao watu wa New York, watarudi.

Kama jeshi lilikuwa linalazimisha watu wanunue, kwanini wauzaji walihangaika na wateja wengine?

Hapa ndo penyewe, na nitakaa kidogo.

Mtu ukisikia mnunuzi mkubwa kuliko wote duniani ametoa amri kwamba miradi yake yote itumie bidhaa unayouza unaona umeshatoka kimaisha. Wawekezaji waliona hivo hivo miaka ya mwanzo ya 80 wakamwaga hela. Lakini angalia amri yenyewe ilivyokuwa inafanya kazi. Anayenunua kompaila sio jeshi moja kwa moja, ni mkandarasi anayejenga ndege au rada, na huyo anahitaji kompaila moja kwa mradi mmoja kwa chipu moja maalum, alafu mradi unakaa miaka kumi au kumi na tano. Kwa hiyo wateja ni wachache, kila mmoja anataka kitu cha peke yake, chipu zenyewe nyingine hazitumiki sana nje ya jeshi, mfano ile familia ya MIL-STD-1750A ambayo ni kompyuta ya biti 16 ya kijeshi, na gharama za kutengeneza kompaila kwa ajili yake inabidi uzirudishe kwa hao hao wachache. Kampuni kumi na kitu zinagombania meza moja.

Alafu mkandarasi aliyelazimishwa sio mteja aliyependa. Akipata upenyo wa kuomba ruhusa asitumie Ada anaomba, na ruhusa zilitoka nyingi. Kwa hiyo muuzaji akiangalia hesabu zake anaona soko la amri ni dogo kuliko lilivyotangazwa na halikui, na mwishoni mwa miaka ya 80 vita baridi inaisha, bajeti za silaha zinapungua, akishika kichwa anabaki na swali moja tu, nani mwingine atanunua hiki kitu.

Ukiniuliza mimi amri ile iliwaumiza kuliko ilivyowasaidia. Iliwazoesha kutengeneza kitu cha kupita mtihani wa serikali wakati uraiani hakuna aliyekuwa anauliza cheti, watu walikuwa wanauliza je inakompaili haraka, je inaongea na maktaba zangu za C, je bei gani.

Kompaila za mwanzo zilikuwa mbovu kweli au ni maneno ya watu?

Nyingi zilikuwa nzito kweli. Lugha yenyewe ilikuwa kubwa kwa mashine za wakati ule, ina kazi sambamba ndani yake, ina jeneriki, yaani vipande vinavyoandikwa mara moja vikatumika na aina nyingi za data, ina ukaguzi wa mipaka kila mahali, na kompyuta ya mezani ya kawaida ilikuwa na memori ya kilobaiti 640. Alsys walipoleta kompaila yao ya IBM PC AT waliiuza pamoja na kadi ya memori ya megabaiti 4 maana bila hiyo haiendi, na hebu fikiria unanunua kompaila unapewa na hadiwea juu. Rational wao walienda mbali zaidi, walitengeneza kompyuta nzima, R1000, ikatoka mwaka 1985, mashine iliyobuniwa kuanzia chini kwa ajili ya kuandikia Ada. Waliowahi kuitumia wanaisifia mpaka leo, ila ni mashine ya mradi wa taifa, sio ya ofisi ya watu watano.

Mwishoni mwa miaka ya 80 kompaila zilishakuwa nzuri sana, Tartan hasa walikuwa wanatoa msimbo wa kasi mno kwa chipu za kuchakata mawimbi. Lakini sifa mbaya ilishatangulia.

Na bei?

Chukua mfano huu. Mwaka 1983 Borland walitoa Turbo Pascal kwa dola 49.95, unaagiza kwa posta, inaingia kwenye diski moja, inakompaili unavyopepesa jicho. Pascal na Ada ni ndugu, sintaksia zinafanana, mwanafunzi aliyejua moja angejifunza ya pili wiki mbili. Kompaila ya Ada kwa mashine kubwa ilikuwa ni maelfu ya dola, na ya kulenga chipu ya ndani ya ndege ni zaidi ya hapo kwa sababu mkandarasi analipa kwa hela ya mradi, hatoi mfukoni mwake. Janus/Ada na Meridian walijaribu kushuka mpaka kwenye bei ya mtu wa kawaida, nawaheshimu kwa hilo, lakini wakati huo C ilishakuja bure pamoja na Unix kwenye vyuo karibu vyote. Kijana anayemaliza chuo anaingia kazini na lugha aliyoisoma bure. Kizazi kizima kilipotea hapo.

Lakini mwaka 1991 si Bunge la Marekani lilitunga sheria kabisa?

Ndio, sheria iliyoanza kufanya kazi tarehe 1 Juni 1991 ilisema softwea zote za Wizara ya Ulinzi ziandikwe kwa Ada pale ambapo gharama inaruhusu. Mpaka hapo ilikuwa ni maagizo ya wizara tu, lile kubwa la 1987. Kwa wauzaji ilikuwa nafuu ya miaka michache, na ukiangalia tarehe zake unaona mwaka huo huo 1991 Alsys ananunuliwa na Thomson-CSF ya Ufaransa, mwaka 1994 Verdix anaungana na Rational, yaani pamoja na sheria yote hiyo kampuni zinameza wenzao ili zisife.

Amri ilifutwa lini?

Aprili 1997. Emmett Paige, aliyekuwa anasimamia mambo ya mawasiliano na kompyuta pale Pentagon, aliandika waraka wa kuiondoa, baada ya Baraza la Taifa la Utafiti kutoa ripoti kuhusu sera hiyo. Ile ofisi ya pamoja ya Ada pale wizarani ikafungwa mwaka 1998. Inauma kwa sababu Ada 95, toleo la pili, lilikuwa limetoka miaka miwili tu nyuma, Februari 1995, chini ya Tucker Taft wa Intermetrics, na lilikuwa lugha ya kwanza ya vitu, ile staili ya klasi na urithi, kupata kiwango cha kimataifa cha ISO. Lugha ikiwa imeiva ndo mteja mkuu anaondoka mezani.

Na ile roketi ya Ariane 5 je? Watu wanasema Ada ndo iliilipua.

Tarehe 4 Juni 1996, safari ya kwanza ya Ariane 5, ilipasuka hazijafika sekunde 40 baada ya kuruka. Programu ilikuwa ya Ada, hilo ni kweli. Kilichotokea ni kwamba kipande cha mfumo wa kuongoza kilichukuliwa kutoka Ariane 4 kikawekwa kama kilivyo, ndani yake kuna namba ya desimali ya biti 64 inayogeuzwa kuwa namba kamili ya biti 16, Ariane 5 inaenda kwa kasi ya mlalo kubwa kuliko ya Ariane 4 kwa hiyo namba haikutosha. Ada inapiga kelele ikitokea hivo, na ilipiga. Lakini wahandisi walishaamua baadhi ya namba zisiwekewe kinga ili kupunguza mzigo wa kompyuta, kwa hiyo kelele ilipopigwa hapakuwa na wa kuipokea, kompyuta ikajizima, na ya akiba nayo ilishajizima kwa sababu ile ile. Na kazi hiyo iliyokuwa inafanyika haikuwa na faida yoyote kwa Ariane 5 ikishaachia ardhi.

Ripoti ya uchunguzi iko wazi, kosa ni kuhamisha kipande bila kukipima kwenye njia mpya ya kuruka. Ila hebu jiweke kwenye viatu vya muuzaji wa kompaila anayezunguka na begi mwaka ule akisema nunueni lugha ya usalama. Lazima ulikuwa mwaka mgumu.

Nani alifanikiwa zaidi kutoka jeshini?

Kwa hela, Rational, na alifanikiwa kwa kuacha kuitegemea Ada. Hawa jamaa, Paul Levy na Mike Devlin, walianzisha kampuni 1981, wakajenga R1000, wakahamia kwenye Unix na Apex, kompaila na zana zao mpya za Ada, na katikati ya safari wakagundua kwamba kitu walichokuwa nacho cha thamani sio kompaila bali ujuzi wa kuendesha miradi mikubwa ya softwea bila kupotea. Grady Booch alikuwa nao tangu zamani, akaandika sana kuhusu usanifu wa vitu, wakamleta James Rumbaugh mwaka 1994, akafuata Ivar Jacobson mwaka 1995, na watatu hao wakatoa UML, iliyopitishwa kuwa kiwango Novemba 1997. Kila aliyesoma kompyuta chuo kikuu hapa kwetu amechora yale maboksi na mishale ya UML kwenye ripoti ya mwaka wa mwisho, na wengi hawajui kwamba yametoka kwenye kampuni iliyoanza kwa kuuza mashine za Ada kwa wakandarasi wa silaha. IBM waliinunua Rational mwaka 2003 kwa dola bilioni 2.1.

Tartan walinunuliwa na Texas Instruments mwaka 1996, na kilichonunuliwa ni ule ujuzi wa kutoa msimbo wa kasi kwa chipu za DSP, zile za kuchakata mawimbi. Green Hills, muuzaji mwingine wa kompaila, na DDC-I waliongeza mifumo endeshi ya muda halisi, leo DDC-I ukiwasikia wanaongelea Deos kuliko kompaila. Alsys yeye aliungana na TeleSoft, ukoo huo ukawa Aonix mwaka 1996, ukaingia Atego 2010, ukaishia PTC 2014. PTC hao hao leo wanauza ObjectAda iliyotoka upande wa Alsys na ApexAda iliyotoka upande wa Rational, wapinzani wa zamani wanakaa kwenye rafu moja.

Hakuna aliyejaribu intaneti?

Walijaribu. Java ilipovuma Intermetrics walileta AppletMagic mwaka 1996, unaandika Ada 95 inatoka baitikodi ya Java inayokimbia ndani ya brauza. Kiufundi ilikuwa kazi safi sana. Lakini mtu anayetaka Java ataandika Java.

GNAT ni nini na ilibadilisha nini?

Sasa wanarudi wale watu wa New York. Jeshi la Anga la Marekani liliona kwamba lugha bila kompaila ya bei rahisi haitatoka nje ya ngome, likawapa Chuo Kikuu cha New York mkataba wa kutengeneza kompaila ya Ada 95 juu ya GCC, ile kompaila huria ya mradi wa GNU, kila mtu aichukue bure pamoja na msimbo wake. Robert Dewar na Edmond Schonberg, ambao walikuwa kwenye Ada/Ed, ndo waliongoza. Ikaitwa GNAT. Kabla mkataba haujaisha wakaanzisha kampuni, mwaka 1994, leo inaitwa AdaCore, na mwaka 2001 GNAT ikaingia rasmi ndani ya GCC.

Wauzaji wengine walilalamika kwamba serikali inafadhili mshindani wa bure, na malalamiko yao yalikuwa na haki fulani, wewe umeweka hela yako miaka kumi alafu kodi za wananchi zinatoa kitu kile kile bure. Naelewa kabisa. Lakini bila GNAT mimi nisingewahi kuandika mstari hata mmoja wa Ada, na ndivyo ilivyo kwa karibu kila mtu ninayemjua anayeiandika nje ya ndege na roketi. Niliipakua kwenye laptop ya mtumba yenye Linux, amri moja tu, basi.

Kama kompaila ni ya bure, AdaCore wanalipwa kwa lipi?

Swali hili napenda kulijibu. Wanauza kuwepo. Mteja analipa kwa mwaka, akikutana na tatizo anaandika na anayemjibu ni mhandisi aliyetengeneza kompaila yenyewe, hapiti kwa mtu wa kaunta. Ukitengeneza treni itakayokaa miaka 30 unahitaji mtu wa kukuhakikishia kwamba kompaila uliyoanza nayo bado itatunzwa na bagi zake zinajulikana moja moja.

Kingine ni makaratasi. Programu ya ndani ya ndege ya abiria inapita kwenye kanuni zinazoitwa DO-178, toleo C ni la 2011, na ngazi ya juu kabisa, A, ni ile ambayo ikifeli ndege inaweza kuanguka. Kwenye ngazi hiyo lazima uonyeshe ushahidi wa kila tawi la programu, mpaka maktaba ndogo inayokuja na kompaila nayo iwe na ushahidi wake. Reli zilikuwa na EN 50128, na tangu 2023 imetoka EN 50716 ya kuchukua nafasi yake, magari yana ISO 26262. Kuandaa ushahidi huo ni gharama kubwa kuliko kuandika programu yenyewe, na watu waliozoea kupimwa na serikali tangu 1983 walikuwa wameshafanya mazoezi hayo bila kujua kwamba ndo yatakuwa mtaji wao. Ule mtihani uliowapunguzia wateja mwanzoni uliwafundisha nidhamu ambayo uraiani ilikuja kuhitajika baadaye.

Haya, wateja wa uraiani ni akina nani basi?

Boeing 777 ndo mfano mkubwa, iliruka mara ya kwanza 1994 na kuanza kubeba abiria 1995, na sehemu kubwa ya programu zake ni Ada. Kenya Airways walikuwa nazo, kwa hiyo kuna Wakenya wengi wameshabebwa na Ada bila kuijua. Kompyuta zake kuu za kuongoza ndege ziko tatu, kila moja ina njia tatu ndani, na kila njia ina chipu ya aina tofauti, Intel 80486, Motorola 68040 na AMD 29050, na programu ya Ada imekompailiwa kwa kompaila tatu tofauti. Sababu ni kwamba kompaila nayo ni programu, ina bagi zake, na hawakutaka bagi ya kompaila moja iangushe njia zote tatu kwa wakati mmoja. Ndege moja, wauzaji watatu wa kompaila. Sijui bidhaa nyingine ambayo mteja anaona faida kununua kwa washindani wote kwa pamoja.

Treni: metro ya Paris, laini ya 14, ilifunguliwa Oktoba 1998 na haina dereva. Sehemu ya usalama iliandikwa kwanza kihisabati kwa mbinu ya B alafu ikageuzwa kuwa Ada, mistari kama 86,000 hivi.

Anga la Uingereza: mfumo wa iFACTS unaowasaidia waongoza ndege kuona mapema ndege zipi zitakaribiana, umeandikwa kwa SPARK, ambayo ni Ada iliyopunguzwa ili mashine iweze kuthibitisha kihisabati kwamba programu haitafanya ujinga fulani, mfano kugawanya kwa sifuri au kuandika nje ya safu. Upo kazini tangu 2011.

Wanafunzi: chuo cha ufundi cha Vermont, Marekani, kilirusha setilaiti ndogo ya mche mraba Novemba 2013, programu yake SPARK na Ada, wameandika wanafunzi, ikafanya kazi miaka miwili mpaka iliporudi na kuungua angani. Huo ndo mfano ninaoutoa nikiwa na vijana.

Na karibuni NVIDIA, kampuni ya kadi za picha, haina hata harufu ya jeshi, walichukua SPARK kwa ajili ya programu za usalama zilizo ndani kabisa ya chipu zao. Ilitangazwa 2019. Wao waliangalia gharama ya kuendelea kuziba matundu ya C wakaona afadhali wathibitishe kwanza.

Ukiwaweka wote hao pamoja unaona kitu. Wauzaji walipojaribu kumfuata kila mtu, mwenye PC, mwenye brauza, mwenye duka, walichapwa. Walipomtafuta raia mwenye hofu ile ile ya jeshi, yaani mtu ambaye bagi moja inamgharimu maisha ya watu au kesi au kurudisha bidhaa milioni kiwandani, huyo alinunua na bado ananunua.

Rust si imekuja kuwamaliza?

Rust, lugha mpya zaidi inayosifika kwa usalama, imechukua nafasi kwenye mazungumzo, hilo halina ubishi, ukisema usalama wa memori leo watu wanasikia Rust. AdaCore wenyewe hawakununa, wanauza na kompaila ya Rust, GNAT Pro for Rust, kwa wateja wale wale na kwa sapoti ile ile. Naona ni uamuzi sahihi kabisa. Kile ambacho Rust bado haijawa nacho kwa urahisi ule ni kuandika mipaka ya namba ndani ya aina yenyewe. Kwenye Ada naandika hivi:

type Nyuzijoto is range -40 .. 125;

na tangu hapo hakuna mtu kwenye timu anaweza kuweka 300 humo kimya kimya. Mstari mmoja, na mtu ambaye hajasoma programu kabisa anausoma akaelewa. Nimewahi kufanya kazi kwenye mradi wa vipimo vya joto, sitautaja, uliopoteza wiki mbili kwa sababu sensa ilikuwa inaleta 999 ikimaanisha nimeharibika na programu ikaichukua kama joto la kweli. Mstari huo mmoja ungetuambia siku ya kwanza.

Huku Afrika Mashariki inatuhusu nini?

Kama umewahi kuandika PL/SQL kwenye Oracle umeshaandika mtoto wa Ada, ile BEGIN na END, EXCEPTION WHEN, pakeji yenye sehemu mbili, IN na OUT kwenye vigezo, vyote vimetoka huko. PostgreSQL nayo ina PL/pgSQL iliyoiga hapo hapo. Oracle hawakumwuzia mtu Ada, waliuza hifadhidata na sintaksia ikaja ndani yake, na kwa njia hiyo imefika kwenye mabenki na makampuni ya simu ambako hakuna muuzaji wa kompaila angefika kwa miguu yake. VHDL, lugha ya kuchorea saketi wanayosoma watu wa elektroniki, nayo imekopa mengi.

Kazi zipo?

Za Ada moja kwa moja huku sijaziona, siwezi kukudanganya. Ulaya na Marekani zipo kwenye ndege, reli na anga za juu, nyingi za jeshi zinataka uraia, za reli na anga zina nafuu kidogo.

Nianzie wapi?

Pakua Alire, ni programu inayokuletea GNAT na maktaba zake zote, bure, inafanya kazi Linux, Windows na Mac. Zamani AdaCore walikuwa wanatoa toleo la GNAT Community, la mwisho ni la 2021, kwa hiyo ukikuta maelekezo yanayokutuma huko ni ya zamani. Ukishaweka andika alr init --bin majaribio, ingia kwenye folda, alr run. Ukikwama soma ujumbe wa kosa mpaka mwisho kabla hujauliza mtu, GNAT mara nyingi inakutajia mpaka neno ulilokosea spelingi.